Siri ya Mtungi Aijuaye Kata: Maadili ya Wanaomwandikia Jaji

Tukisema karani wa mahakama, wengi wetu tunamwona mtu wa masjala. Anapokea nyaraka, anapiga muhuri, anapekua kabati akitafuta jalada, na asubuhi anasimama mlangoni kuita majina ya wadaawa. Huyo tunamjua. Tumempangia foleni, tumembembeleza, pengine tumemnung'unikia. Lakini yuko mwingine ambaye mwananchi hamwoni kabisa. Amekaa chumba cha ndani, jirani na ofisi ya jaji, ana shahada ya sheria, na kazi yake ni kusoma jalada, kuchimbua sheria na maamuzi ya zamani, kumwandikia jaji muhtasari wa kesi, na mara nyingi kuandika rasimu ya kwanza ya hukumu. Tanzania huyu ni msaidizi wa sheria wa jaji, na Kenya ni mtafiti wa kisheria. Wamarekani, ambao wana historia ndefu ya kazi hii, nao wanamwita karani, kwa hiyo mkanganyiko wa jina si wetu peke yetu.

Yuko pia wa tatu, mwanasheria wa mahakama. Yeye hamtumikii jaji mmoja bali mahakama nzima. Katika mahakama za rufani za Marekani ndiye anayekutana kwanza na maombi ya watu wasio na wakili, hasa wafungwa wanaoandika kwa mkono wakiwa gerezani. Anayasoma, anayachuja, kisha anawapelekea majaji mapendekezo.

Makala hii inawahusu hasa hao wawili wa chumba cha ndani. Mifano mingi nitaitoa Marekani, kwa sababu huko miiko ya kazi hii imeandikwa kwa kina, na makosa yaliyofanyika yamebaki kwenye kumbukumbu za mahakama ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Mtu wa masjala nitamrudia mbele kidogo.

Kazi yenyewe ilianza kwa jaji mmoja kutoa fedha mfukoni. Horace Gray alipoingia Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1882, alimchukua kijana aliyetoka kuhitimu sheria Harvard, aliyechaguliwa na ndugu yake Gray aliyekuwa akifundisha huko, naye Gray akamlipa mwenyewe. Mwaka 1886 Bunge likakubali kulipia msaidizi mmoja kwa kila jaji, dola 1,600 kwa mwaka. Majaji wengi walimtumia msaidizi huyo kuandika hati mkato na kukimbizana na shughuli ndogondogo. Leo jaji wa mahakama hiyo ana wasaidizi wanne, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu, na kwa kawaida wanakaa mwaka mmoja kisha wanaondoka.

Uzito wa wanachokifanya unaonekana katika utaratibu ulioanza mwaka 1972. Baadhi ya majaji walichoka kila ofisi kusoma kila ombi la rufaa, wakaamua kuunganisha wasaidizi wao. Ombi moja linasomwa na msaidizi mmoja, anaandika muhtasari na pendekezo lake, na karatasi hiyo inakwenda kwa majaji wote waliojiunga na utaratibu huo. Mahakama inapokea maelfu ya maombi kwa mwaka, na miaka ya karibuni kesi zinazosikilizwa kikamilifu hazifiki 80. Ina maana kwamba kwa watu wengi sana waliobisha hodi kwenye mlango wa mwisho wa haki, aliyesoma karatasi zao mwanzo hadi mwisho ni kijana ambaye jina lake hawatalijua.

Hapa ndipo penye fundo. Jaji ameteuliwa kwa utaratibu wa wazi, ameapa hadharani, jina lake liko chini ya hukumu, na akivurunda rufaa itakatwa dhidi ya uamuzi wake au yeye mwenyewe atashtakiwa mbele ya chombo cha nidhamu. Msaidizi wake hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana nguvu bila jina. Anaweza kuuacha nje ushahidi uliokuwa na uzito, au kuweka mbele hoja dhaifu ya upande mmoja kana kwamba ndiyo nguzo, na hakuna mdaawa atakayejua. Ukisoma kanuni za maadili za watumishi wa mahakama za shirikisho la Marekani, zilizoanza kutumika mwaka 1996, utakuta vifungu vingi: siri, maslahi, zawadi, siasa, kazi za nje. Mtu akivisoma kimojakimoja vinamchosha. Mimi naviona vyote vikijibu maswali mawili tu. Je, uamuzi huu ni wa jaji kweli? Na je, umetoka ndani ya jalada, mahali ambapo pande zote mbili zimeona kilichomo na kupata nafasi ya kukijibu?

Jalada na mlango wake

Chukua swali la jalada kwanza, kwa sababu ndilo linalowanasa watu wenye nia njema. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya eneo la tano, huko kusini mwa Marekani, ilipokea kesi ya mtu aliyeteleza na kuanguka kwenye duka la kampuni ya A&P siku ya mvua. Msaidizi wa jaji wa chini alikuwa ameamua kwenda mwenyewe dukani kujionea, mvua ilipokuwa imenyesha. Akaona maji sakafuni. Baadaye akasimama kizimbani, mbele ya mahakama ambayo jaji wake ndiye anaiongoza, akatoa ushahidi wa alichokiona. Mahakama ya rufani ilitengua uamuzi na kuamuru kesi isikilizwe upya.

Kijana yule hakupewa hongo, wala hakuwa na ndugu kwenye kesi. Alitaka kuujua ukweli tu. Lakini fikiria wewe ndiye mwenye duka. Wakili wako anawezaje kumhoji kwa ukali shahidi ambaye kesho yake ataingia ofisini kwa jaji, afunge mlango, na kuzungumza naye kesi hiyohiyo? Ukweli anaouokota msaidizi nje ya jalada haujapita kwenye mikono ya pande zote. Labda siku ile bomba lilikuwa limepasuka, au sakafu ilikuwa imebadilishwa tangu ajali itokee, na hakuna aliyepata nafasi ya kuyasema hayo.

Zamani ilibidi msaidizi avae koti la mvua aende dukani. Siku hizi anahitaji simu tu. Anaandika jina la shahidi kwenye mtandao, anaona picha zake akicheza muziki harusini ilhali amedai mgongo umevunjika, na papo hapo moyo wake umeshahukumu. Kutafuta sheria mtandaoni ni kazi yake. Kutafuta habari za ugomvi wenyewe, za watu waliomo na mahali palipotokea tukio, ni kwenda dukani siku ya mvua. Kama kuna jambo linamkera kwenye jalada, njia iliyo safi ni kumwambia jaji kuwa ushahidi una pengo, na jaji akiona inafaa aziulize pande zote mbele ya mahakama.

Kwenye fungu hilohilo limeingia tatizo jipya la akili unde. Mwaka 2025 majaji wawili wa shirikisho, mmoja New Jersey na mwingine Mississippi, waliondoa amri walizokwisha kuzitoa baada ya mawakili kugundua zina nukuu zisizokuwepo na mambo ambayo hayamo kwenye kesi. Maelezo yaliyofuata kwa Seneti yalionyesha kuwa katika ofisi moja mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo alitumia ChatGPT, na katika nyingine msaidizi wa jaji alitumia Perplexity, programu nyingine ya akili unde, kuandaa rasimu. Ofisi zote mbili zilikuwa na utaratibu wa rasimu kukaguliwa kabla ya kutoka, na mara zote mbili rasimu ilitoka bila ukaguzi huo kukamilika. Wengi walizungumzia kifaa. Mimi nilisumbuliwa zaidi na lile la ukaguzi, kwamba karatasi iliweza kupata saini ya jaji na kuwa amri ya mahakama wakati bado ni rasimu. Msaidizi anapomkabidhi jaji kazi yake anapaswa kumwambia bila kuficha hiki nimekisoma mwenyewe, hiki nimekitoa mahali fulani, hiki bado sijakihakiki. Jaji asiyejua rasimu yake imetoka wapi hawezi kuwa na uamuzi wake mwenyewe, hata akitia saini kwa wino mweusi.

Maslahi, mpaka hisa moja

Kwenye mgongano wa maslahi kanuni za Marekani ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Msaidizi wa jaji akiwa na maslahi ya kifedha kwenye kampuni iliyo mbele ya mahakama, yeye, mwenzi wake au mtoto mdogo anayeishi naye, haishiki kesi hiyo. Hata hisa moja inatosha. Haisaidii kusema kiasi ni kidogo, kwa kuwa mdaawa aliyeshindwa hana mizani ya kupima udogo huo. Atasikia tu kwamba aliyeandika hukumu ana hisa upande wa pili.

Kisa cha kufundishia ni cha mwaka 1983, katika mahakama ileile ya rufani ya eneo la tano. Wanawake waliishtaki taasisi ya serikali inayoshughulikia biashara ndogondogo kwa kubaguliwa kazini, nao walishtaki kwa niaba ya kundi zima la watumishi. Aliyesikiliza kesi aliwapa ushindi. Kisha ikajulikana kwamba msaidizi wake wa pekee aliwahi kufanya kazi kwenye taasisi hiyo na kuwa mmoja wa kundi lenyewe lililoshtaki, na kabla hukumu haijatoka alikuwa amekubali ajira kwenye ofisi ya mawakili wa walalamikaji. Hukumu ikafutwa. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba msaidizi yule alipindisha neno lolote. Ilitosha kwamba mtu wa kawaida, akiambiwa mambo hayo, angepata shaka.

Niwaonee huruma kidogo wasaidizi hapa, maana kazi yao ni ya mwaka mmoja au miwili na lazima watafute pa kwenda. Kanuni zinakubali hivyo. Msaidizi anaruhusiwa kuomba kazi akiwa bado kwa jaji. Kinachotakiwa ni amwambie jaji mapema ni ofisi zipi anaziomba, na tangu hapo kesi za ofisi hizo asizishike, asizisome, wala asizizungumze na mwenzake wakati wa chai. Mahakama ya rufani ya eneo la kumi na moja iliweka wazi mwaka 1986 kwamba shaka ikiwa juu ya msaidizi, anayejitoa ni msaidizi, jaji anaendelea na kesi. Hiyo ni nafuu kubwa kwa wadaawa, kwa kuwa kesi haisimami. Lakini nafuu hiyo ipo tu pale msaidizi aliposema mapema. Akinyamaza hadi hukumu itoke, kesi nzima inabomoka kama ile ya 1983, na wanawake walioshinda kihalali wanaanza upya.

Fedha zinazozunguka jambo hili si ndogo. Ofisi kubwa za mawakili Marekani zimekuwa zikimlipa msaidizi anayetoka Mahakama ya Juu kiingilio cha zaidi ya dola 400,000, mbali na mshahara. Ndiyo maana kiingilio hicho hakipokelewi mpaka mtu amemaliza kazi ya jaji, na ndiyo maana Mahakama ya Juu inawazuia waliotoka kwake kushiriki kesi yoyote mbele yake kwa miaka miwili. Kesi iliyokuwepo mahakamani wakati yeye yumo ndani hataigusa maisha yake yote.

Siasa nitaipitia kwa haraka kwa sababu kanuni yake ni nyepesi kuelewa. Watumishi wengine wa mahakama wanakatazwa siasa za vyama. Wanaofanya kazi ndani ya ofisi ya jaji wanakatazwa hata kampeni zisizo za chama. Wao wakisema, watu wanamsikia jaji.

Kata na mtungi

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Msaidizi ni ile kata. Anajua jaji alisitasita wapi, alibadili mawazo lini, na nani kwenye jopo alikaribia kupiga kura tofauti. Anajua matokeo wiki kadhaa kabla ya watu ambao maisha yao yanayategemea.

Historia ya uvujaji ni ndefu kuliko wengi wanavyokumbuka. Mnamo Desemba 1919 msaidizi wa Jaji Joseph McKenna, Ashton Embry, alijiuzulu ghafla akisema anataka kushughulikia biashara yake ya kuoka mikate. Baadaye yeye na wenzake walishtakiwa kwamba walitumia habari za uamuzi uliokuwa haujatangazwa, kesi ya kampuni ya reli ya Southern Pacific, kufanya biashara ya hisa. Hapakuwa na sheria iliyokataza jambo hilo kwa uwazi, waendesha mashtaka wakahangaika na kosa la kula njama dhidi ya serikali, na mwaka 1929 mashtaka yakafutwa.

Mwaka 1973 ikaja kesi ya utoaji mimba, Roe dhidi ya Wade. Msaidizi wa Jaji Lewis Powell alimweleza mwandishi wa habari wa jarida la Time matokeo, akidhani jarida litatoka baada ya hukumu kutangazwa. Tangazo likachelewa, na Januari 22 jarida lilikuwa limeshafika mitaani saa chache kabla majaji hawajasoma uamuzi wao. Msaidizi alikwenda kwa jaji wake kukiri na kutaka kujiuzulu. Powell alimkatalia na kumtetea, na Jaji Mkuu Warren Burger, aliyekuwa amewaka hasira, akamsamehe. Kisa hiki nakipenda kwa sababu ya ile hatua ya kukiri. Kosa lilikuwa kubwa, lakini lilikuwa na mwenyewe.

Tofauti na lile la Mei 2, 2022, pale chombo cha habari cha Politico kilipochapisha rasimu nzima ya hukumu ya Dobbs, iliyokuja kuiondoa Roe. Uchunguzi wa mahakama uliwahoji watumishi 97, na ripoti ya Januari 2023 ikasema aliyevujisha hakupatikana. Kwa anayeshughulika na maadili ya kazi, jambo la kujifunza liko pembeni kidogo ya kichwa cha habari. Baadhi ya watumishi walikiri kwamba waliwasimulia wenzi wao kuhusu rasimu au idadi ya kura. Hawakuwa na nia ya kuvujisha chochote. Walirudi nyumbani wamechoka, wakaulizwa mbona umenuna, wakajibu. Siri nyingi zinatoka kwa mlango huo, si kwa bahasha ya kahawia. Kanuni haisemi usimwambie mwandishi wa habari tu; inasema usimwambie yeyote asiyehusika, na inaendelea kukufunga hata ukishaacha kazi.

Ila siri hii ina ukingo wake, na ukingo huo ulichorwa kwa machungu. Desemba 2017 Alex Kozinski, jaji wa rufani wa shirikisho aliyekuwa na sifa kubwa, aliacha kazi baada ya wanawake kadhaa, baadhi yao wasaidizi wake wa zamani, kumtuhumu kwa unyanyasaji wa kijinsia. Katika maelezo yaliyotolewa wakati ule, lilijitokeza jambo ambalo kanuni hazikuwa zimelijibu: baadhi ya vijana waliamini kiapo cha siri kinawafunga midomo hata juu ya waliyotendewa wao wenyewe. Walifundishwa kwamba yanayotokea ofisini kwa jaji yanabaki ofisini kwa jaji. Machi 2019 kanuni zikafanyiwa marekebisho, zikatamka kwamba wajibu wa siri hauzuii kuripoti mwenendo mbaya wa mtu yeyote, jaji akiwemo. Kinacholindwa ni mashauriano ya kesi, wala siyo tabia ya bosi. Ningependa kila anayeapishwa kazi hii kokote duniani aambiwe maneno hayo siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa meza yake.

Masjala yetu

Nirudi kwa karani tunayemjua. Afrika Mashariki yeye ndiye sura ya mahakama kwa mwananchi, na mtego wake mkubwa, mbali na rushwa, ni huruma. Mama anafika na karatasi yake, hajui kusoma Kiingereza, anauliza, "Mwanangu, hapa niandike nini?" Karani kumwambia fomu ni ipi, ada ni kiasi gani, muda wa kukata rufaa unaisha lini, na kesi yake itatajwa tarehe ngapi ni haki ya mama na ni wajibu wa karani. Kumwambia aandike hoja ipi ili ashinde ni kuwa wakili wa upande mmoja huku unalipwa na umma, na mdaiwa wa mama huyo atapita dirisha hilohilo kesho. Mpaka unaonekana mwembamba lakini una kipimo: jibu unalompa mmoja, je, ungelitoa vilevile kwa mpinzani wake, akiwa amesimama pembeni anasikia?

Katika mahakama nyingi za Kenya na Tanzania karani pia ndiye mkalimani. Shahidi akisema "alinipiga kidogo", karani akamwambia hakimu "alipigwa", neno "kidogo" limekufa na halitafufuka kwenye mwenendo wa kesi. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na moja ya faida zake ni kwamba mdaawa sasa anaweza kusikia mwenyewe kama maneno yake yameandikwa alivyoyasema.

Kuhusu "chai" na "ya maji" ili jalada lionekane, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007 inamkamata anayeomba, anayepokea na anayetoa. Jalada lililofichwa siku tatu limemnyima mtu dhamana siku tatu, hata kama hakuna neno lililobadilishwa ndani yake.

Jaji mwenyewe akiagiza

Mpaka hapa nimemzungumzia msaidizi kana kwamba jaji yupo daima kumkagua. Kuna hali ngumu kuliko zote, jaji anapoikabidhi kazi yake yote kwa mwanasheria wa chini na kumwambia aendelee.

Hilo lilitokea Gretna, Louisiana, ng'ambo ya mto kutoka New Orleans, kwenye mahakama ya rufani ya jimbo. Kuanzia mwaka 1994 majaji walikubaliana kwamba maombi ya wafungwa wasio na mawakili yapitie njia ya mkato. Sheria ilitaka kila ombi lisomwe na jopo la majaji watatu. Badala yake mwanasheria mkuu wa mahakama hiyo alikuwa akiandaa uamuzi wa kukataa, unapitishwa, na unatoka ukiwa na majina ya majaji watatu kana kwamba jopo lilikaa. Mfungwa aliyeko gerezani alipokea karatasi yenye muhuri na majina matatu, akaamini watu watatu wamemsoma. Hali hiyo ilidumu miaka 13.

Hapa utaona kwa nini nilisema swali la kwanza ni kama uamuzi ni wa jaji kweli. Mwanasheria yule hakuvujisha siri wala hakupokea hongo. Kwa orodha ya kawaida ya miiko angepita. Alitii maagizo. Tena maagizo hayo yalitoka kwa wale ambao kanuni zinamtaka awatii na kuwatunzia siri. Alijikuta ndiye mahakama kwa watu maelfu, bila kiapo cha jaji, bila mtu wa kumsahihisha, na bila njia aliyoiona ya kusema hapana.

Mei 2007 alijitoa uhai ofisini kwake. Aliacha barua akieleza utaratibu ulivyokuwa ukiendeshwa, na nakala yake ilifika kwenye chombo cha jimbo kinachosimamia nidhamu ya majaji. Kabla ya hapo hakuna mfungwa hata mmoja aliyeweza kuthibitisha lolote, kwa sababu kwenye karatasi kila kitu kilionekana kuwa sawa.

Habari ilipofika magerezani wafungwa walianza kuandika tena, wengi kwa mkono, wakiomba maombi yao ya zamani yasomwe. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Louisiana iliamuru maombi ya wafungwa karibu 300 yarudishwe kwenye mahakama ileile ya Gretna, yasikilizwe na majopo ya majaji watatu.